Kumpandisha Mama Lyamba lya Mfipa

Mazwi, Sumbawanga
8 Juni 1997

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Na mama mpe shikamoo yake, mwambie juzi nimeiota sauti yake ikiniita nikafunge ndama. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku Ufipa mwezi huu inaingia mpaka kwenye meno. Asubuhi maji ya ndoo yanauma kama nyuki. Ninyi huko bondeni mnaendeleaje? Malisho yapo? Na macho ya mama yamefikia wapi?

Baba, najua habari ilikufikia kabla ya barua hii, maana jirani yetu Bundala mdomo wake hauna kufuli. Ni kweli. Serikali ilipotupunguza kazi sisi wa mifugo, kiinua mgongo changu sikununulia mitamba kama ulivyoniagiza. Nimenunua pikipiki. Ni Honda nyekundu, ilikuwa ya padri mmoja aliyerudi kwao. Napeleka dawa za kuogeshea ng'ombe Matai na vijiji vya njia ya Kasanga, na nikirudi napakia abiria. Majosho ya serikali yamekauka, baba. Siku hizi kila mfugaji anajitafutia dawa mwenyewe, na wengi wananingojea mimi. Mwanzoni watu wa hapa Mazwi walikuwa wanasimama barabarani kumtazama mwanamke wa Kisukuma juu ya pikipiki. Sasa wananipungia mkono tu.

Lililonifanya niandike ni hili. Mwezi ujao madaktari wa macho wanakuja hospitalini hapa mjini. Wanatoa mtoto wa jicho, na mtu anaona tena. Lori la samaki linalopita Muze halina siku yake, na mama hawezi kukaa juu ya magunia akining'inia. Niruhusu nije nimchukue.

Mwanao,
Kija


Muze
25 Juni 1997

Kija,

Marahaba. Hapa wote tu wazima, na ng'ombe ni wazima. Mvua ilikuwa ya wastani, mpunga tumevuna.

Ungenunua mitamba, leo ingekuwa na mimba. Hicho chuma chako kitazaa nini? Nilipoambiwa, niliondoka nikaenda kukaa na ng'ombe, maana wao hawaulizi maswali. Sikukusomesha ili upite kwenye vijiji vya watu umekaa kama mwanamume, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Lakini mama yako haoni tena. Nisikudanganye. Anatambua watu kwa hatua zao. Juzi alikuwa anamimina maziwa, akayamimina nje ya kibuyu, akaendelea kumimina huku anatusimulia habari, na sisi tukanyamaza kwa aibu. Ndama ndiye aliyefaidi.

Njoo umchukue. Atakuwa na mizigo yake kidogo, mtu haendi mjini mikono mitupu. Ila ukifika nyumbani kwangu, usinifungulie mazungumzo ya pikipiki.

Baba yako,
Ngeleja


Mazwi
27 Julai 1997

Baba,

Shikamoo. Mkono wa mama unaendeleaje? Amepata kulala? Sijui kama utaisoma barua hii au utawashia moto, lakini naandika.

Ulitupa mgongo tulipokuwa tunapakia, kwa hiyo hukuona. Mama alikuwa na furaha sana, baba. Alitoa gunia la mchele la mwenyeji wangu, nikalifunga kwenye keria. Akatoa kuku wa daktari, nikawaning'iniza kushoto. Juu ya gunia nikaweka sanduku langu la dawa. Akapanda yeye, akakaa upande kama kina mama wote wanavyokaa, miguu yote kushoto, na kibuyu cha samli mapajani. Niliona ni vingi. Nikashindwa kumwambia mama yangu, "Hiki kiache."

Kwenye tambarare nilisikia usukani mwepesi, unayumba mkononi kama kichwa cha mlevi. Nikajiambia nitakwenda polepole. Tulipoanza kuupanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa, mlima ukaurudisha uzito wote nyuma. Nilipokata kona kulia, mama hakuiona kona, akaegemea nje. Tairi la mbele likanyanyuka juu. Akateleza kwa nyuma pamoja na gunia. Mchele ndio uliopokea kichwa chake. Mkono haukupata wa kuupokea.

Wenye mkokoteni wa ng'ombe walipomleta nyumbani, uliniambia maneno mawili tu: "Rudi kwenu." Nimerudi. Madaktari wa macho wameshaondoka. Nimekaa na pikipiki yangu na siitamani.

Niwie radhi, baba.

Mwanao,
Kija


Mazwi
14 Septemba 1997

Baba,

Shikamoo. Huku tunaendelea. Sijapata jibu, na sikulaumu. Nataka tu kujua kama mfupa wa mama umeunga. Hata kama ni neno moja, mpe kondakta wa lori la samaki aniambie kwa mdomo.

Kija


Muze
5 Oktoba 1997

Mwanangu Kija,

Marahaba. Mkono wa mama yako umeunga, ila akisonga ugali unalalamika. Anakusalimia kila siku kana kwamba umekaa hapo jikoni.

Sikuandika kwa sababu barua zote nilizoandika kichwani hazikufaa kutumwa. Lakini kuna jambo linaninyima raha, na siyo hasira tena. Ni lile gunia. Nani alikufundisha kupakia?

Sikiliza. Tulipohama kutoka Maswa nyumba nzima ilikuja juu ya punda. Wewe mwenyewe ulikuja ndani ya tenga, upande mmoja wa punda jike, na upande wa pili niliweka mawe ya kusagia yalingane na uzito wako. Ulikuwa unakunywa maziwa sana njiani, ukanenepa, ikabidi niongeze jiwe dogo. Hukuanguka hata siku moja.

Mzigo hauwekwi kiunoni mwa punda. Ukiuweka nyuma atapiga magoti ya nyuma, na kichwa kitaelea juu, haoni njia. Unauleta mbele, karibu na mabega. Unaushusha chini, upande huu na upande huu, ulingane. Kitu kirefu juu ya mgongo ni adui, kitacheza mpaka kimwangushe. Kamba unaikaza, mnatembea kidogo, unasimama, unaikaza tena, maana mzigo mpya hujifanya umekaa kumbe bado unatafuta pa kukaa. Na unampakia anachoweza kupanda nacho mlima, siyo anachoweza kusimama nacho uani.

Chuma chako si punda, lakini mlima ni ule ule. Mama yako angekaa upande mmoja, na mzigo wa uzito wake ukakaa upande wa pili, asingeanguka.

Haya ndiyo niliyotaka kusema. Bado sijakubali hiyo pikipiki.

Baba yako,
Ngeleja


Mazwi
16 Novemba 1997

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo nyingine. Barua yako nimeisoma nimesimama stendi, nikacheka peke yangu mpaka wauza ndizi wakaniuliza nimepata nini. Kwa hiyo mimi nilikuwa mzigo wa kwanza kulingana!

Nilimsomea fundi wangu, mzee Kasimiri, Mfipa mmoja aliyekaa miaka mingi kwenye karakana ya misheni. Akaweka spana chini. Akasema, "Rudia hapo pa mabega." Nikarudia. Tukaanza kazi. Ameikata ile keria ndefu, akaifupisha ikaja mbele, mzigo usivuke ekseli ya nyuma. Tumeshona mifuko ya turubai, mmoja kila upande, inakaa chini karibu na kikanyagio cha abiria. Kamba za katani nimetupa, nafunga kwa mipira ya tyubu, haiachii. Akanionyesha pia springi za nyuma zina pa kukazia abiria akipanda, na tairi la nyuma linaongezwa upepo. Breki nayo ukiwa na mtu unaishika mapema, maana uzito hautaki kusimama.

Ila baba, kuna sehemu moja nakukatalia kwa adabu. Mtu si gunia. Anapumua, anageuka, anashtuka. Mama hawezi kusawazishwa kwa mzigo wa upande wa pili. Lazima akae katikati, miguu huku na huku, karibu na mgongo wangu, anishike kiuno. Nikilala kushoto alale kushoto. Na nguo isipeperuke, kitenge kikiingia kwenye spoku ni kilio. Kwa maana nyingine, baba, avae suruali. Nimeshaandika, usinigombeze.

Sasa napakia hivyo kwa kila mtu. Juzi Matai mfanyabiashara mmoja wa mitumba alitaka nimbebe yeye, mkewe na belo. Nikakataa. Akanitukana mbele ya soko zima, kwamba mwanamke hajui biashara. Akapata pikipiki nyingine. Nikawakuta mbele wamekaa kwenye mtaro, wazima, masweta yametapakaa kwenye matope kama sikukuu. Nikamchukua mke kwanza, kisha nikarudi kumchukua yeye, na belo likangoja lori.

Madaktari wa macho wanarudi Februari. Sisemi zaidi. Muulize mama.

Mwanao,
Kija


Muze
22 Januari 1998

Mwanangu Kija,

Marahaba. Tuko hai, tumelowa. Hii mvua wanayoiita Elinino haijui kwamba watu wana nguo mbili. Mto umekula daraja, lori la samaki halijaonekana tangu Krismasi. Barua hii anapanda nayo mtu wa miguu.

Nilimuuliza mama yako. Nilimuuliza kwa sauti ya mtu anayetaka ajibiwe hapana. Alikuwa anachambua dengu kwa vidole. Akasema, "Ngeleja, nilianguka kwa sababu ya mchele. Sikuanguka kwa sababu ya mwanangu." Akaendelea kuchambua.

Basi. Nikalaza gogo la mninga uani. Nikakaa mbele, nikamkalisha nyuma yangu, miguu huku na huku, amevaa suruali yangu ya kanisani. Nikawa ninasema "kulia" nalala kulia, "kushoto" nalala kushoto, na yeye ananifuata. Siku ya kwanza alinivuta tukaanguka wote, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Bundala alikuja kuomba chumvi akatukuta hivyo, watu wazima wawili wamekumbatiana juu ya gogo, tunayumba. Alisimama, akaondoka bila chumvi. Sasa kijiji chote kinasema tumerogwa na mvua. Waseme. Mama yako sasa halali kinyume hata nikimtega.

Vitu vyake nimevipunguza mwenyewe. Kuku hawaendi. Samli kidogo, kwenye chupa. Siku ya jua njoo. Pikipiki tutaivusha mtoni kwa mabega, vijana nimeshawaambia. Mizigo nitafunga mimi.

Baba yako,
Ngeleja


Mazwi
1 Machi 1998

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu tulipoachana pale chini ya mlima? Mama yuko hapa pembeni yangu, anakula, anasema chumvi ya huku haina ladha. Najua umekaa huna usingizi, kwa hiyo nitakusimulia kwa mpangilio, tangu ulipotuona tunapotea kwenye kona ya kwanza.

Uliipima ile mifuko mkononi, ukahamisha chupa ya samli kutoka huku kwenda huku, ukaisukuma pikipiki kwa goti kuona kama kuna kinachocheza, ukasema, "Sasa nenda." Baba, usukani ulikuwa mzito mkononi mwangu kama inavyotakiwa. Tairi la mbele lilishika ardhi kama kucha.

Barabara ilikuwa imechimbwa na maji, mawe yako nje kama mbavu. Nikaenda gia ya kwanza na ya pili tu. Kila kona nilimwambia mama kabla, "Kulia, mama." Akawa analala nami. "Kushoto, mama." Tukalala. Pale palipoporomoka, nilimshusha, nikaivusha pikipiki kwanza, nikarudi nikamshika mkono. Hakulalamika.

Tukakaribia ile kona. Sikumwambia. Akasema mwenyewe, "Ni hapa, sivyo? Nasikia yale maji ya siku ile yakianguka." Nikasema ndiyo. Akasema, "Simama." Nikajua anataka kushuka, na ningemshusha. Akasema, "Baba yako kasema mzigo mpya unatafuta pa kukaa. Kagua kamba."

Nikakagua. Mpira mmoja wa kulia ulikuwa umelegea kweli. Nikaukaza, nikakaza na wa kushoto. Mama akanishika kiuno upya, akaniegemezea shavu mgongoni. "Haya. Na usinitajie kona tena. Mgongo wako unaniambia."

Baba, tuliikata ile kona kana kwamba ni mtu mmoja. Sikusikia uzito. Kona iliyofuata, nayo hivyo hivyo. Nilikuwa nalia chini ya helmeti, na mama nyuma anaimba ule wimbo wa kupalilia, pumzi inakatika kila tukiruka jiwe, anaudaka tena.

Tulipotokea juu, ule upepo wa Ufipa ukatupiga usoni. Mama akauliza, "Ndiyo huku juu?" Nikasema, "Tumefika juu, mama. Lyamba lya Mfipa iko chini yetu." Akapiga vigelegele, baba! Kulikuwa na wanawake wa Kifipa shambani wanapalilia ulezi. Hawatujui, hawajui tumetoka wapi wala tumeshinda nini. Wakainuka, wakatupokea kwa vigelegele vyao mpaka tukapotea.

Daktari alimfanyia jicho la kulia kwanza, la pili akifuatia. Siku ya kufungua bandeji ya kwanza, mama alipepesa jicho. Akamtazama nesi. Akatazama dirisha. Akanitazama mimi, akanishika kidevu akanigeuza huku na huku kama anayenunua mbuzi. "Umekonda," akasema. "Na una pua ya baba yako. Nilikuwa nimeisahau." Kisha akalia, nami nikalia, na nesi akatukataza, maana machozi siyo mazuri kwa jicho.

Jioni akataka aone pikipiki. Nikampeleka pale ukutani. Akaizunguka, akaishika tanki. "Ndiyo hii tu? Ilivyokuwa ikinguruma nilifikiri ni kubwa kama fahali. Kumbe ni mbuzi." Mzee Kasimiri alikuwepo, alicheka akakaa chini.

Daktari akimruhusu, namleta. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, tutakwenda mwendo wa punda wako.

Mwanao,
Kija


Muze
30 Machi 1998

Mwanangu Kija,

Marahaba, na mimi leo nakuamkia kwa Kisukuma chetu, mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Natumaini ulirudi salama, maana uliondoka haraka kuwahi mvua na sikupata nafasi ya kusema. Mimi maneno yangu huja taratibu, wageni wakishaondoka.

Siku ile ulipomshusha, mama yako alisimama mlangoni pa zizi. Akanitazama kwanza mimi. Akasema, "Ngeleja, umezeeka." Nikamwambia, "Ungechelewa kidogo ungekuta kaburi." Akacheka. Akaingia katikati ya ng'ombe, akawa anawaita mmoja mmoja kwa jina, na wale waliozaliwa akiwa haoni akawa anawashika nyuso na kuuliza, "Wewe ni wa nani?" Nilisimama pale sikufanya kazi yoyote. Jioni alikamua mwenyewe. Hakuna tone lililomwagika, na ndama alinung'unika.

Tangu hapo nyumba hii haina utulivu. Watu wanatoka mpaka ng'ambo ya mto kuja kumwonyesha vidole mama yako, "Hivi ni vingapi?" Anawajibu, kisha anawaambia shati lao lina tundu wapi. Kanisani alisoma zaburi mbele ya watu wote, akakosea, akarudia, wakapiga makofi.

Wiki iliyopita kwenye mnada wa ng'ombe, Bundala alinifuata mbele ya wazee. Akavua kofia. Mama yake haoni tangu zamani, mwili umemwisha, ni mwepesi kama kapu. Akaniomba nikuulize. Nilikuwa sijajibu, mzee mmoja kutoka mbali akauliza, "Huyo anayepanda Lyamba lya Mfipa na vipofu, ni kijana wa nani?" Nikasimama. Nikasema kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe, "Siyo kijana. Ni binti, na ni wangu." Dalali akapoteza bei aliyokuwa akiitaja.

Kwa hiyo njoo siku ya jua. Mama yake Bundala yuko tayari, tumeshamfundisha kulala kulia na kushoto, anafuata vizuri kuliko mama yako alivyofuata. Nyuma yake wapo wengine wanangoja, nimewaambia safari moja mtu mmoja, asiyetaka atembee. Mizigo yao naipunguza mimi hapa uani, na wananitukana sana. Mitamba miwili nimekutengea, ni yako, itazaa hapa wakati wewe uko barabarani.

Mama yako anasema ule chakula ushibe. Kule mnadani hawaniiti tena Ngeleja. Wamenipa jina jingine, na nikiitwa naitika haraka.

Wako,
Baba Kija